Si jini wala si malaria: uvimbe wa moyo unaotibika kwa upasuaji

Mama yangu mdogo alianza kuanguka akiwa kwenye swala. Akisujudu na kuinuka, kabla hajasimama sawasawa, macho yanaingia kiza, pumzi inakatika, na mara mbili tulimwokota pale pale kwenye mkeka. Akilazwa chali dakika chache hurudi hali yake, anaomba maji na kutuuliza tunalia nini. Alikuwa na miaka 47, akiuza mahamri na mbaazi asubuhi mtaani kwetu Majengo, na hakuwa na presha wala sukari.

Kwa miezi minane tulizunguka. Alikuwa na homa za jioni zisizo na mpango, kwa hiyo alitibiwa malaria mara mbili. Alikonda hata baibui zikampwaya na akawa anakohoa, kwa hiyo akapimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Viungo vya vidole vilimuuma, akapewa dawa ya baridi. Nyumbani wazee walisema ana jini asiyependa asujudu. Akanyweshwa kombe na kufukizwa. Simlaumu yeyote, maana kila aliyemtazama aliona kipande kimoja tu cha maradhi.

Kisha asubuhi moja, akiwapakulia wateja mbaazi, upawa ulimwanguka mkononi. Mkono wa kulia haukunyanyuka, na maneno yakawa hayatoki. Ilipofika adhuhuri mkono ulirudi na ulimi ukafunguka. Watu wakasema ni upepo mbaya umepita. Lakini siku ile tulimpeleka hospitali, na daktari kijana aliyekuwa zamu aliuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa: "Hali hii inamzidi akiwa amekaa vipi?" Nikamweleza habari ya sijda. Akaandika kwenye karatasi: apigwe eko ya moyo.

Eko ilituonyesha kitu kikubwa kama ndimu, kikining'inia ndani ya moyo, kikipanda na kushuka kila moyo unapopiga. Jina lake ni miksoma.

Mimi si daktari. Nilikuwa mpwa niliyebeba faili lake kutoka meza hadi meza, nikauliza maswali mpaka wauguzi wakanizoea, na baadaye nikaendelea kusoma. Ninaandika haya kwa kuwa uvimbe huu, ukishaonekana, ni miongoni mwa maradhi ya moyo yanayoondoka kabisa kwa upasuaji mmoja. Wagonjwa huumia zaidi katika ile miezi ambayo haujaonekana.

Uvimbe huu ni nini?

Uvimbe unaoanzia ndani ya moyo wenyewe ni nadra mno. Maiti zinapopasuliwa kuchunguzwa, haufiki hata 3 katika kila 1,000. Mara nyingi zaidi saratani ya mahali pengine, kama mapafu, matiti au damu, ndiyo inayosambaa na kufika moyoni. Ule unaozaliwa moyoni, takriban robo tatu au zaidi si saratani. Na kwa watu wazima, karibu nusu ya huo usio saratani ni miksoma.

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu vinavyopokea damu, viwili vya chini vinavyoisukuma. Kati ya vyumba vya juu kuna ukuta. Miksoma hupenda kuota kwenye ukuta huo, na takriban tatu kati ya kila nne huota upande wa chumba cha juu cha kushoto. Huwa laini na yenye utelezi, mithili ya nyama ya dafu changa, na mara nyingi huning'inia kwa kikonyo kama embe mtini. Inaweza kuwa ndogo ya sentimita moja au kubwa ya sentimita 15. Nyingi huwa sentimita tano au sita zinapogunduliwa. Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 30 na 60, na wanawake kuliko wanaume.

Watu huuliza: kama si saratani, kwa nini tuhangaike? Jibu ni mahali ulipo. Uvimbe kama huo ukiwa mgongoni ungekaa miaka bila neno. Ndani ya moyo, umekaa mlangoni mwa uhai.

Dalili zake

Madaktari huzigawa katika makundi matatu, na mama mdogo alikuwa nazo zote.

La kwanza ni kuziba. Kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto kuna mlango uitwao vali ya mitrali. Miksoma yenye kikonyo kirefu huangukia mlangoni na kuzuia damu isipite. Mgonjwa hukosa pumzi, huchoka upesi, moyo humwenda mbio, miguu huweza kuvimba, au huzimia. Alama ya kuzingatia ni kwamba hali hubadilika mtu anapobadilisha mkao. Mgonjwa wa kawaida wa moyo kuchoka hukosa pumzi akilala na hupata nafuu akikaa. Huyu aweza kuwa kinyume: akiinuka anazibwa, akilala kitu kinasogea na damu inapita. Kwa muda mrefu mama mdogo alikuwa akituambia, "Kuna kitu kinaniziba." Tulidhani anasema kwa mafumbo.

La pili ni vipande kukatika. Uvimbe huu ni dhaifu, na juu yake damu inaweza kuganda. Kipande kikimeguka upande wa kushoto, mkondo wa damu hukibeba popote: ubongoni kikaleta kiharusi, jichoni kikaleta upofu wa ghafla, mguuni ukawa baridi na kuuma, au kwenye figo. Ukiwa upande wa kulia, vipande huenda mapafuni. Ule upawa ulioanguka ulikuwa kiharusi kidogo cha kupita. Kiharusi cha namna hiyo hakipaswi kupuuzwa kwa sababu kimepita, maana kinachofuata huenda kisipite. Na kijana akipata kiharusi bila presha wala sukari, moyo wake lazima utazamwe.

La tatu ni dalili za mwili mzima: homa, kukonda, kutoka jasho, kuumwa viungo, upungufu wa damu. Miksoma hutoa kemikali iitwayo intaleukini-6, ambayo huufanya mwili uwake kama unaopigana na maambukizi ilhali mdudu hayupo. Hapa ndipo wengi hupotelea, sisi tukiwemo.

Kwa nini hukosewa?

Pwani yetu homa huitwa malaria kabla haijapimwa. Kikohozi na kukonda hupelekwa kwenye kifua kikuu, na ni haki kupimwa hayo kwanza kwa sababu ndiyo yaliyo mengi. Kosa ni kuendelea kutibu kitu ambacho vipimo vimeshasema hakipo.

Hata daktari anayeusikiliza moyo anaweza kupotoshwa. Kanda yetu bado ina watu wengi ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, na sauti ya vali ya mitrali iliyobana hufanana sana na ya vali iliyozibwa na uvimbe. Tofauti ni kwamba sauti ya miksoma inaweza kubadilika mgonjwa anapogeuka, na wakati mwingine daktari husikia mshindo mdogo wa uvimbe unapodondokea mlangoni. Yapo pia maambukizi ya vali za moyo, ambayo huleta homa na kutupa vipande vile vile. Na lipo bonge la damu, ambalo hutokea zaidi kwa wenye vali iliyobana na mapigo yasiyo na mpangilio, likijificha kwenye kipembe cha chumba cha juu. Kila moja kati ya haya lina tiba yake, kwa hiyo kubahatisha hakufai.

Vipimo

Kipimo kikuu ni eko. Ni jamaa wa ile altrasaundi wanayopigwa kina mama wajawazito. Mgonjwa hulala ubavu, hupakwa mafuta ya ubaridi kifuani, na mpimaji hupitisha kifaa juu ya mbavu. Hakuna sindano, hakuna mionzi, hakuna maumivu, na kwa kawaida huisha kabla ya saa moja. Moyo huonekana ukipiga pale pale kwenye skrini. Mama mdogo aligeuza shingo akautazama wake, akasema, "Basi ni hicho."

Kipimo hiki kilianzia Lund, Sweden, mwaka 1953, kwa daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz. Kabla ya hapo miksoma kwa kawaida ilikuwa maradhi ya kugunduliwa kwenye maiti.

Pale picha ya kifuani isipokuwa wazi, hufanywa eko ya kupitia kooni: mgonjwa hukaa bila kula saa kadhaa, hupewa dawa ya kumtuliza, kisha humeza mrija wenye kifaa hicho. Kwa kuwa koo la chakula linapita nyuma ya moyo, vyumba vya juu huonekana vizuri sana, pamoja na mahali kikonyo kiliposhika. CT skani au MRI hutumika inapobidi kutofautisha uvimbe na bonge la damu, au kujua kama umeingia kwenye misuli. Mwenye umri mkubwa huchunguzwa pia mishipa inayolisha moyo, ili kama imeziba ishughulikiwe katika upasuaji huo huo.

Jueni pia kwamba kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, na picha ya kifua ya eksirei vinaweza kutoka safi kabisa huku uvimbe upo. Sisi tulikuwa na karatasi mbili za ECG zilizosema hakuna tatizo, na tulizishika kama hirizi.

Kwa kawaida hawakati kinyama kupeleka maabara kabla ya upasuaji, kwa kuhofia kumegua vipande. Uvimbe hutolewa mzima, kisha maabara huthibitisha kuwa ni miksoma na si saratani.

Upasuaji

Hakuna kidonge kinachoyeyusha miksoma. Dawa za kulainisha damu haziuondoi. Wala kombe. Tiba ni kuutoa, na ukishagunduliwa haufai kuwekewa tarehe ya mbali, kwa sababu kipande chaweza kukatika wakati wowote. Mama mdogo alitaka arudi nyumbani akamalizie mchezo wa pesa na wenzake kwanza. Daktari alikaa kitandani pake, akamshika mkono na kumwambia, "Mama, hiki hakingoji." Ndani ya siku kumi alikuwa Nairobi.

Upasuaji huu usingewezekana bila mashine ya moyo na mapafu, ambayo huchukua kazi ya viungo hivyo viwili wakati moyo umesimamishwa. John Gibbon aliitumia kwa mafanikio mara ya kwanza huko Philadelphia, Marekani, Mei 1953. Mwaka uliofuata, 1954, Clarence Crafoord wa Stockholm aliitumia kutoa miksoma kutoka chumba cha juu cha kushoto, na mgonjwa wake, mwanamke wa miaka 40, alipona. Hiyo ndiyo miksoma ya kwanza kutolewa kwa mafanikio.

Daktari wa upasuaji alitueleza hatua zake, nami nilizinakili. Mgonjwa hulazwa usingizi. Mfupa wa katikati ya kifua hupasuliwa kwa urefu. Damu hupewa heparini isigande, kisha mirija huunganishwa na mashine. Mpaka hapo moyo hauguswiguswi ovyo, ili uvimbe usimeguke. Mshipa mkuu unaotoka moyoni hubanwa, na moyo humiminiwa maji baridi yenye potasiamu, ukatulia kimya. Chumba cha juu hufunguliwa, na uvimbe hutolewa pamoja na kikonyo chake na sehemu ya ukuta kilipoota, kwa sababu mzizi ukibaki unaweza kuchipua. Tundu linalobaki ukutani hushonwa, au hutiwa kiraka ambacho mara nyingi hukatwa kwenye utando wa moyo wa mgonjwa mwenyewe. Vyumba vingine hukaguliwa na kuoshwa. Vali ikiwa imeumia hurekebishwa au hubadilishwa. Halafu moyo hufunguliwa damu, ukaanza kupiga tena.

Kwa wale walio nje ni saa tatu, nne au zaidi za kukodoa mlango. Hatari zipo na familia ielezwe wazi: kutokwa na damu, kiharusi, maambukizi, mapigo kwenda ovyo. Lakini katika hospitali zenye uzoefu, wengi mno huvuka salama. Kusubiri ndiko kwenye hatari kubwa zaidi.

Baada ya upasuaji

Siku moja au mbili za kwanza hupitishwa chumba cha wagonjwa mahututi, kisha wodini takriban wiki. Mama mdogo aliamka akiwa na mirija kifuani, na aliponiona aliuliza kama mahamri yameuzwa. Siku ya tatu wauguzi walimtembeza. Alifundishwa kukumbatia mto kila anapokohoa, ili mfupa usivutike.

Mfupa wa kifua huchukua wiki sita hadi nane kuunga. Katika muda huo hakuna kubeba ndoo ya maji, hakuna kunyanyua mtoto, hakuna kukanda unga. Kwa mwanamke wa kwetu hiyo ni kazi kuliko upasuaji wenyewe, na ni jukumu la walio nyumbani kumpokonya mwiko mkononi. Mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika siku za mwanzo na hupewa dawa. Homa, usaha kwenye mshono, au pumzi kukatika ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Miksoma ya kawaida ikitolewa vizuri hurudi kwa nadra, kwa wagonjwa wachache kati ya 100. Hata hivyo mgonjwa hupigwa eko kila mwaka kwa miaka kadhaa. Zile homa na maumivu ya vidole? Ziliisha zenyewe ndani ya wiki chache.

Watoto na ukoo

Kwa watoto, uvimbe wa moyo ulio mwingi zaidi ni wa aina nyingine, rabdomioma, unaoota kwenye misuli. Mara nyingi huambatana na maradhi ya kurithi yanayoleta kifafa na mabaka meupe ya ngozi. Huo kwa kawaida husinyaa wenyewe mtoto anavyokua, na hupasuliwa tu ukiziba damu au kuvuruga mapigo. Kwa hiyo mzazi asikimbilie kisu. Afuate ushauri wa daktari wa moyo wa watoto. Kwa wazee upo uvimbe mdogo unaoota kwenye vali, uitwao fibroelastoma, ambao hatari yake kubwa ni kiharusi.

Miksoma chache hurithiwa, katika hali iitwayo Carney. Dalili zake ni madoa meusi ya midomoni na usoni, matatizo ya homoni, na miksoma zaidi ya moja au zinazorudi katika umri mdogo. Familia ya namna hiyo inapaswa kupigwa eko wote, hata wasioumwa.

Pa kwenda, na pesa

Upasuaji wa kufungua moyo unafanyika Kenya. Nairobi kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Mater na Aga Khan; Eldoret kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi; Bomet kuna Tenwek. Kwa walio na jamaa ng'ambo ya mpaka wa kusini, Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Si lazima kila mtu auze shamba apande ndege kwenda India.

Gharama ni kubwa, hilo sitalificha. Hakikisha usajili na michango ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, viko sawa kabla hujaugua, na uulize hospitali mapema italipa kiasi gani na kipi kitabaki kwenu. Uliza pia habari ya damu. Sisi tulichanga pesa kwenye kundi la familia la WhatsApp, lakini kilichotukimbiza usiku ilikuwa kutafuta watu wa kutoa damu katika mji tusioujua.

Si kila anayezimia ana uvimbe wa moyo. Wengi wana upungufu wa damu, au hawakunywa maji ya kutosha, au presha imeshuka. Lakini ukiwa na mtu nyumbani ambaye kuzimia kwake au kukosa pumzi kunafuata mkao, au homa yake imekataa kila dawa huku akikonda, au amepata kiharusi cha kupita, mpeleke kwa daktari na umweleze yote kwa pamoja, si kipande kipande kama tulivyofanya sisi. Kisha uliza: je, anahitaji eko ya moyo?

Mama mdogo amerudi kwenye meza yake ya mahamri. Kiti cha plastiki alichokuwa akikalia kuswali nimekitoa barazani, kinakaliwa na wateja. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wenu.